Je, wajua Debian, watengenezaji wa mojawapo ya mifumo ya kompyuta ya Linux, wanajuaje programu ipi inatumika sana bila kukuchungulia?

Programu huria haina risiti, mtu anaipakua mara moja anawagawia wenzake kwa flashi, na seva za nakala zimetapakaa dunia nzima, kwahiyo waliotengeneza hawajui nani anatumia nini. Wakianza kukufuatilia kama watu wa matangazo, watumiaji wa Linux ndo wa kwanza kupiga kelele.

Debian wao wanakuuliza tu. Wakati unainstoli kuna swali kama unataka kushiriki, na jibu lililowekwa tayari ni hapana, yani ukibonyeza Enter bila kusoma hutumi kitu. Ukikubali, programu ndogo inaitwa popularity-contest, wenyewe wanaiita popcon, kila wiki inatuma orodha ya vifurushi, yani programu zilizofungashwa tayari kwa kuinstoli, vilivyomo kwenye mashine yako. Jina lako haliendi, inaenda namba ndefu ya kubahatisha iliyozalishwa hapohapo ili usihesabiwe mara mbili.

Sasa utamu uko hapa, programu kuwepo sio kutumika. Linux huwa inaandika faili limesomwa lini mara ya mwisho, hiyo inaitwa atime, basi popcon inachungulia hiyo tarehe, ikiwa ni ndani ya siku 30 hivi programu inapata kura, ikiwa ya zamani inahesabika ipo ipo tu. Matokeo yamesaidia kupanga nini kikae kwenye CD ya kwanza ya kuinstolia Debian.

Ila orodha yenyewe inaweza kukuchoma. Kama ofisini mmejitengenezea kifurushi chenye jina la kampuni, jina hilo nalo linaenda.

Fedora, mfumo mwingine wa Linux, kuanzia toleo la 32, mwaka 2020, wakaja na ujanja ambao mi naukubali zaidi. Kabla walikuwa wanahesabu IP, yani anwani za mtandao, ofisi nzima nyuma ya rauta moja inaonekana mashine moja, halafu laptopu inayohama waifai inaonekana kama laptopu kibao. Siku hizi mashine ikienda kuulizia masasisho, mara moja tu kwa wiki inaongeza neno countme na tarakimu: 1 ni wiki ya kwanza tangu uinstoli, 2 mwezi wa kwanza, 3 bado ndani ya miezi sita, 4 zaidi ya hapo. Namba ya utambulisho hakuna kabisa.

Tatizo hiyo inahesabu mashine, haisemi una vifurushi gani. Kwa vifurushi unarudi kwa popcon, ambako wanaohesabika ni waliojitolea tu, kwahiyo tumia zile takwimu kulinganisha programu na programu, usizitumie kudai Debian ina watumiaji wangapi.