Je, wajua kwa nini kisamvu huuzwa kimeshatwangwa?

Ukipita sokoni Dar es Salaam jioni, mchicha na matembele utavikuta kwa mafungu, majani mazima. Kisamvu mara nyingi kimeshatwangwa na kutiwa kwenye mfuko, donge la kijani linalochuruzika maji. Kwa nini chenyewe?

Sababu ya kwanza ni kinu. Mpangaji wa ghorofa ya tatu akianza kutwanga saa moja usiku, wa chini yake atabisha hodi kabla majani hayajalainika. Na wengi wanaorudi kazini hiyo saa moja hata kinu hawana. Basi wanalipia mashine ya sokoni.

Ya pili imo ndani ya jani. Majani ya muhogo yana linamarini, kemikali iliyofungia sumu ndani yake, na pembeni yake, katika chumba kingine, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarase, chenye kuivunja. Jani likiwa zima havikutani. Mchi ukivunja kuta, vinachanganyika na sayanidi hutoka, ile sumu yenyewe. Bahati nzuri, sayanidi hiyo hugeuka gesi kwenye nyuzi joto 26 hivi tu za Selsiasi, hivyo sufuria ikichemka bila mfuniko inaondoka na mvuke. Ukitumbukiza majani mazima kwenye maji yanayotokota, joto hukiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini nyingi inabaki humo humo. Bibi aliyekukataza kufunika sufuria hakusoma kemia, lakini alikuwa sahihi.

Kwa hiyo mfuko umekupunguzia kutwanga, kuchemsha bado ni juu yako. Wakongo wa Ulaya wanalijua hilo: katika maduka ya Matonge, Brussels, sombe, ndicho kisamvu chao, au pondu kama wengine wanavyoiita, hulala kwenye friza imeshasagwa, ikisubiri mawese ya mnunuzi. Nadhani ndipo watu wanapoweka mpaka. Kutwanga tunamwachia mwingine, kuunga hatumwachii. Kuna nyumba ya tui zito, kuna ya karanga, na kuna sisi tunaotia vyote viwili na kusemwa kwamba tunafuja.

Ukinunua, bonyeza mfuko kwa vidole. Ukihisi vijiti na vipande vya majani, mwambie muuzaji akirudishe mashineni. Hakijasagika, na pale palipobaki jani zima, linamarini haijaguswa.