Kinyama cha jicho si mtoto wa jicho

Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba, konjaktiva, unaoendelea hadi ndani ya kope. Ukisimama mbele ya kioo unauona vizuri, na nadhani ndiyo maana kila mtu hujipa udaktari wake.

"Nimeota mtoto wa jicho."
Mara nyingi anayesema hivyo ana kinyama. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, ndani kabisa, nyuma ya mboni. Kinyama huota juu, kwenye konjaktiva. Kitazame kwa karibu: pembetatu ya rangi ya waridi, kwa kawaida upande wa pua, vimishipa vya damu vimenyooka kuelekea kwenye ncha, na ncha yenyewe inatambaa polepole juu ya konea, kioo angavu cha mbele ya jicho. Wagiriki walikiona kama bawa dogo, na jina lake la kitabibu, pterygium, limetoka huko. Mchokozi mkuu ni miale ya jua, ingawa vumbi na upepo navyo vinalaumiwa. Kwa nini upande wa pua? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwanga unaoingia kutokea upande wa sikio hupindwa na konea ukakusanyika pale pale. Kwa hiyo miwani isiyoziba pembeni inafanya nusu ya kazi.

"Kikikatwa kimekwisha."
Kikikatwa na kidonda kikaachwa wazi, hurudi mara nyingi. Mpasuaji akiziba pengo kwa kipande cha konjaktiva ya mgonjwa mwenyewe, aghalabu kutoka chini ya kope la juu, uwezekano wa kurudi hupungua sana. Kidogo kisichosumbua huachwa tu.

"Ukimtazama mwenye macho mekundu, umeambukizwa."
Macho hayarushi ugonjwa. Mikono, taulo na mito ndivyo vinavyousambaza. Mara nyingi chanzo ni virusi, na antibiotiki haviui virusi. Kinachonitia hofu zaidi ni kuazimana dawa ya matone: yenye steroidi, yaani dawa kali ya kupunguza uvimbe, hutuliza wekundu haraka, lakini ikitumiwa kiholela hupandisha presha ya ndani ya jicho, na uoni unaopotea kwa njia hiyo haurudi.

"Damu kwenye jicho ni dalili ya upofu."
Doa jekundu lisilouma, uoni ukiwa sawa, kwa kawaida ni kimishipa kilichopasuka kwa kikohozi au chafya. Hufifia ndani ya wiki 2 hivi. Likijirudia, pima shinikizo la damu.

"Saratani haioti hapo."
Huota kwenye konjaktiva, na mwanzoni hufanana mno na kinyama. Jua huchangia, na wanaoishi na VVU wako hatarini zaidi. Shuku uvimbe unaokua ndani ya wiki chache, wenye magamba meupe juu au mshipa mnene unaoulisha. Kinyama kilichokatwa nacho kisitupwe kabla ya maabara kukiangalia.