Je, wajua kwa nini "kitabu", "katibu" na "maktaba" vitakusaidia kujifunza Kiebrania?

Andika kwenye karatasi maneno haya matatu: kitabu, katibu, maktaba. Sasa futa irabu zote, na ile m ya maktaba iweke kando. Kinachobaki ni kilekile kote: k-t-b. Kitabu ni kilichoandikwa, katibu ni mwenye kuandika, maktaba ni mahali pa maandishi. Maneno hayo tuliyapokea kutoka Kiarabu, kila moja kivyake, na wengi wetu tumeyatumia maisha yote bila kushtuka kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Kiebrania ni jamaa wa karibu wa Kiarabu, zote mbili ni lugha za Kisemiti, na mzizi huohuo kinao. Katav ni "aliandika". Likhtov ni "kuandika". Mikhtav ni barua, ktovet ni anwani. Ile b ya kitabu imelainika ikawa v, na k inapofuata irabu hulainika ikawa kh, ile sauti ya kooni unayoisikia mwishoni mwa neno "sheikh". Ukishajua hilo, mzizi hautakupotea tena.

Ndiyo maana nasema Mswahili haanzi sifuri. Anayeanza Kiebrania kwa kawaida hupewa orodha ndefu ya maneno akariri, na baada ya wiki mbili anakata tamaa. Afadhali ajifunze mizizi michache, aione inavyotembea. Mzizi wenyewe, mara nyingi konsonanti tatu, ndio unaobeba maana. Irabu na viambishi huja kusema nani, lini na kwa namna gani. Kiebrania cha kila siku hata hakiandiki irabu nyingi. Neno כתב, linalosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, lina herufi tatu tu, kaf, tav na bet, na msomaji ndiye anayeamua kwa muktadha kama ni katav, "aliandika", au ktav, "mwandiko". Vipo vitone na vistari vya kuonyesha irabu, vinaitwa nikud, lakini utavikuta zaidi kwenye vitabu vya watoto, mashairi, Biblia na vitabu vya sala. Gazetini havipo.

Sasa njoo kwenye vitenzi, maana hapo ndipo Kiswahili chenyewe, kile cha Kibantu kabisa, kinapokusaidia. Sisi tuna andika, andikwa, andikisha, andikiana. Shina ni moja, mkia unabadilika, na maana inageuka. Waebrania hufanya kazi hiyohiyo, ila badala ya kufunga mkia hubadilisha umbo zima la neno. Katav, aliandika. Nikhtav, kiliandikwa. Hikhtiv, alimsomea mtu imla, yaani alimwandikisha. Hitkatev, aliandikiana na mwenzake. Maumbo hayo huitwa binyanim, maana yake "majengo", na kwa jumla yako saba. Usiogope jina. Mtu aliyekulia kwenye kauli ya kutendwa, kutendesha na kutendeana ameshazoea wazo lenyewe. Kinachobaki ni kuzoea sura. Hata uhusiano wetu wa "jifunza" na "funza" upo: lilmod ni kujifunza, lelamed ni kufundisha, na mwanafunzi ni talmid. Mzizi l-m-d unaonekana pote.

Yako mengine ambayo yamelala kwenye Kiswahili chetu yanangoja kuamshwa, na funguo zake ni chache. Ya kwanza: mahali tunapotamka s au th kwenye neno la Kiarabu, Kiebrania mara nyingi huweka sh. Salamu ni shalom, saba ni sheva, tisa ni tesha, thelathini ni shloshim, themanini ni shmonim. Swali ni she'ela, na kuuliza ni lish'ol. Kitunguu thomu ni shum. Darasa na madrasa vinakutana na midrash, ufafanuzi wa maandiko matakatifu. Ya pili: h yetu hugeuka kh. Hai ni khai, rehema ni rakhamim, hamsini ni khamishim, na siku ya Alhamisi ni yom khamishi, "siku ya tano", kwa sababu wao huanza kuhesabu wiki siku ya Jumapili. Hesabu ina funguo zote mbili kwa pamoja: ni kheshbon. Ukimaliza kula mgahawani unamwambia mhudumu "kheshbon, bevakasha", yaani "hesabu, tafadhali", naye anakuletea bili. Kutoka mzizi huohuo kuna lakhshov, kufikiri, na makhshev, kompyuta.

Mengine utayatambua hata bila kutafuta ufunguo. Damu ni dam, nafsi ni nefesh, roho ni ruakh, kaburi ni kever, maiti ni met, tufaa ni tapuakh, mia ni me'a, elfu ni elef, arobaini ni arba'im. Imani ni emuna, kuamini ni leha'amin, na ndipo unapojua ile "amina" unayoitikia msikitini au kanisani imetoka kwenye mzizi gani. Ninalolipenda kuliko yote ni merikebu. Kwa Waarabu ni markab, chombo cha kupanda, kutoka mzizi r-k-b. Kwa Waebrania lirkov ni kupanda farasi au baiskeli, merkava ni gari la vita la kukokotwa na farasi, na reli ilipofika neno la treni lilitokana na mzizi huohuo: rakevet. Merikebu ya pwani yetu na treni ya kwenda Tel Aviv ni watoto wa neno moja.

Upo pia mfanano mwingine ambao haukutokana na ukoo wa kale, ila ni kukopa kwa juzijuzi. Kwa zaidi ya miaka 1,500 Kiebrania kilikuwa lugha ya sala, vitabu na barua za wasomi, si lugha ambayo mama humbembelezea mtoto. Eliezer Ben-Yehuda, aliyezaliwa mwaka 1858 katika eneo ambalo leo ni Belarusi, alihamia Jerusalem mwaka 1881 akiwa ameshikilia kwamba nyumbani kwake hakitasemwa kingine. Mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1882, alilelewa kwa Kiebrania kitupu. Lakini utamwambiaje mtoto akuletee kamusi au gazeti kama lugha yako haina neno zuri la vitu hivyo? Ben-Yehuda alichukua mila, "neno", akaunda milon, kamusi. Akachukua et, "wakati", akaunda iton, gazeti. Na palipopungua, yeye na wenzake walibisha hodi kwa Kiarabu, mlango uleule ambao wazee wetu wa pwani walikuwa wamekwisha kuubisha karne nyingi kabla. Kwa hiyo mtu mwenye adabu ni adiv, jambo rasmi ni rishmi, na tarehe ni ta'arikh. Sisi na wao tulikopa duka moja, kila mmoja kwa wakati wake. Mwaka 1922, mwaka ambao Ben-Yehuda alifariki, utawala wa Kiingereza huko Palestina ulikitambua Kiebrania kuwa mojawapo ya lugha rasmi, pamoja na Kiarabu na Kiingereza.

Kuna mitego, na ni haki uijue mapema. Karov maana yake ni karibu, na krovim ni ndugu, sawasawa na "akraba". Lakini usimkaribishe mgeni kwa karov; hatakuelewa. Mgeni huambiwa barukh haba, kwa neno "mbarikiwa ajaye", na hapo "baraka" yetu inajitokeza. Lekhem ni mkate, ndiyo maana Bethlehemu, Beit Lekhem, ni nyumba ya mkate. Mwarabu akisema lahm anakusudia nyama. Undugu wa maneno si ahadi kwamba maana ni moja, hivyo kila neno jipya lihakikishe.

Mtego mkubwa zaidi ni jinsia. Kiswahili hakijali kama anayesema ni mwanamume au mwanamke; Kiebrania kinajali kila mara. "Ninaandika", akisema mwanamume, ni ani kotev. Akisema mwanamke, ani kotevet. Wingi ni kotvim, au kotvot kama ni wanawake watupu. Hata "hujambo" hubadilika: mwanamume unamuuliza ma shlomkha, mwanamke ma shlomekh, yote mawili yakiwa na ile shalom ndani, kama sisi tunavyoulizana "u salama?" Afueni ni kwamba wakati uliopo una maumbo hayo manne tu. Mimi, wewe na yeye hatutofautiani, alimradi jinsia ni moja.

Wakati uliopita, kiambishi cha mtenda kinakaa mwishoni: katavti, niliandika, katavnu, tuliandika. Wakati ujao kinarudi mbele, kama kwetu: yikhtov, ataandika, nikhtov, tutaandika. Angalia hiyo ya mwisho. Sikio la Mswahili likisikia ni- linajua ni "mimi", kumbe kwao ni "sisi". "Nitaandika" ni ekhtov. Hili limewakosesha wengi, na dawa yake ni kulisema kwa sauti mara nyingi mpaka ulimi ukubali. Pia mkazo: sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kiTAbu, wao mara nyingi huutupa mwishoni, kaTAV, shaLOM, koTEV.

Uanzie wapi, basi? Anza na rotse, "anataka". Mwanamke husema rotsa. Baada yake weka kitenzi chenye le-, ambayo ni ku- yetu kabisa: kama sisi tunavyosema ku-andika, wao husema li-khtov. Ani rotse lalekhet, nataka kwenda. Ani rotse le'ekhol, nataka kula. Lishtot ni kunywa, lavo kuja, lada'at kujua, ledaber kusema, likro kusoma, la'asot kufanya. Kwa vitenzi kumi vya namna hii na neno moja la mbele unaweza kuishi siku nzima bila kunyambua chochote. Kanusha kwa lo: ani lo rotse, sitaki. Kisha, taratibu, chukua kitenzi kimoja kwa wiki ukipitishe katika nyakati zote tatu kwa mkono, kalamu na karatasi. Kuandika kutoka kulia kutakusumbua siku tatu nne, halafu mkono utazoea. Mababu zetu waliandika tenzi za Kiswahili kwa mwelekeo huohuo, kwa herufi za Kiarabu.

Na "kuwa na" usikitafute, maana Kiebrania hakina kitenzi hicho. Ukiichungulia "nina" ya Kiswahili nayo haina kitenzi ndani, ni "mimi" na "na" tu. Kiebrania husema yesh li, "kuna kwangu": yesh li sefer, nina kitabu. Ein li, sina. Hata "ni" ya "mimi ni mwanafunzi" hawaihitaji: ani talmid, mimi mwanafunzi, basi. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kwenda nayo mbele ya mwalimu, au mbele ya mwenyeji yeyote barabarani, unayo tayari. Inua mkono useme: yesh li she'ela. Nina swali.