Mtoto ana usonji, uko Mombasa, waambiwa mengi: yepi ya kweli?

Mombasa ukiwa na mtoto wa miaka mitatu na bado haongei, kila mtu ni daktari. Jirani ana lake, mama mkwe ana lake, mpaka dereva wa tuktuk ana lake na hata hujamuuliza. Ukija kuanza kutafuta therapisti ushachoka na ushachanganyikiwa, na huko nako kuna watu wa maana na kuna matapeli. Haya ndo nayasikia sana kuhusu usonji (autism), na ukweli wake vile ulivyo.

"Huyo ana jini, mpeleke akasomewe"

Hili ndo lakula miaka ya watoto wetu. Usonji ni namna ubongo ulivyojijenga, waanza mtoto akiwa bado tumboni, na sehemu kubwa ni ya kurithi. Kule kupeperusha mikono, kupanga viatu mstari mlangoni, kuziba masikio pikipiki ikipita, si mtu anaekaa ndani yake, ni yeye mwenyewe.

Sasa mimi sikwambii usimsomee mwanao. Dua ni dua, kombe, yale maji ya aya za Qurani, mkitaka kunywa kunyweni, na wa kanisani akiombewa pia sawa. Shida ni ile ya kusema ati mpaka kisomo kiishe ndo twende hospitali, na kisomo hakiishi, mtoto yuko miaka sita. Na shida kubwa kuliko hiyo ni moshi, viboko na kufungwa kamba. Mtoto anaepigwa ili jini litoke anachojifunza ni kuogopa watu, kisha therapisti atatumia wiki na wiki kuondoa hofu tu kabla hajaanza kazi yake. Mashehe wenye busara wapo na wenyewe hukwambia mtoto umpeleke pia hospitali, ukimpata wa hivyo mshikilie.

"Chanjo ndo ilimharibu"

La. Maneno haya yalitoka Uingereza mwaka 1998, daktari mmoja anaitwa Andrew Wakefield na wenzake waliandika kuhusu watoto 12, jarida lenyewe likaja kuiondoa ile makala mwaka 2010 na yeye akafutwa udaktari mwaka huohuo. Denmark waliangalia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019, hakuna uhusiano. Kwetu sindano ya surua na rubella ni miezi 9 na miezi 18, na huo ndo umri dalili za usonji huanza kuonekana, ndo maana mzazi anaunganisha. Twende mbele.

"Wataalamu wako Nairobi, hapa hakuna kitu"

Nusu kweli. Wachache ni wachache, hasa wa lugha na matamshi, ambao hata nchi nzima hawatoshi. Lakini kuanza waweza kuanzia hapahapa, na vizuri uanzie hapa manake therapia si kitu cha siku moja, ni kila wiki, wewe utapanda treni ya SGR kila wiki? Nairobi nenda ukihitaji tathmini ambayo hapa umeikosa, halafu rudi na ripoti ufanye kazi nyumbani.

Anza pale ulipokuwa ukipeleka chanjo. Kile kitabu cha mama na mtoto kina sehemu ya hatua za ukuaji, kifungue mbele ya nesi, mwambie hiki hafanyi na hiki hafanyi, omba barua ya rufaa. Coast General ndo hospitali ya rufaa ya Pwani, kuna madaktari wa watoto na kuna watu wa OT, wale wanaomfundisha mtoto shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kushika kalamu, na Port Reitz kuna kitengo cha afya ya akili. Halafu kuna njia ya elimu ambayo wazazi wengi hawaijui kabisa, EARC, vile vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vipo tangu 1984 na ndo wanaokuelekeza shule gani yamfaa. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, iwe Kisauni, Likoni au Changamwe, watakwambia kilipo.

Na kabla ya yote, masikio! Mtoto asieitika jina apimwe kusikia kwanza. Wengine husikia kibiriti kikitingishwa chumba cha pili ila wakiitwa kimya, wengine kweli hawasikii, na kuna wenye vyote viwili.

Usisahau na safari yenyewe. Ukitoka Likoni kuvuka feri saa moja asubuhi na mtoto asiependa kelele wala kusukumwa, ukifika kliniki hakuna therapia hapo, ni kilio tu, na mtaalamu ataandika "hashirikiani". Omba apointimenti ya saa nne au saa tano, watu wakiwa wamepungua. Wanakubali ukiwaeleza.

"Apigwe skani ya kichwa ijulikane"

Usonji hauonekani kwa skani wala kwa damu. Unajulikana kwa kumtazama mtoto akicheza na kukuuliza wewe mzazi maswali mengi mpaka uchoke. Kipimo cha mawimbi ya ubongo kina kazi yake kama kuna dalili za kifafa, na kifafa kweli hutokea zaidi kwa watoto wenye usonji, kwa hiyo akizubaa ghafla macho yakaganda, au akitetemeka, sema. Lakini mtu akikuanzishia na skani ya pesa nyingi bila sababu, muulize wamtafutia nini humo kichwani.

"Ngoja kwanza apewe jina la ugonjwa"

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Watu wamtafuta "daktari wa usonji" kama kwamba ni mtu mmoja ana ofisi yake Nyali, na hayuko. Mtafute mtu kwa kile kinachomshinda mtoto. Haombi, haonyeshi kidole, hasemi: huyo ni wa lugha na matamshi. Hali ila chapati kavu, kukata kucha ni vita, nguo ya shule inamwasha, kalamu haishiki: huyo ni wa OT, na hapa Mombasa OT ndo rahisi kuwapata kuliko wengine. Hofu, kujigonga kichwa, usiku halali, hatulii hata dakika: saikolojia au daktari wa akili wa watoto. Mengi ya haya yanaanza bila kungoja ripoti ya mwisho.

Na kazi yenyewe ukiiona huwezi kuamini kwamba ni kazi. Kuna therapisti alimfundisha mama mmoja hivi: weka kachri kwenye mkebe wa plastiki unaoonekana ndani, funga kifuniko kwa nguvu, mpe mtoto, halafu nyamaza. Usimuulize wataka nini, usimfungulie. Mtoto akaugeuza, akaugonga sakafuni, akaulilia, mwisho akauchukua akauweka mkononi mwa mamake na kumwangalia. Hapohapo mama akasema "fungua!" akafungua, akampa kipande kimoja, kimoja tu, akafunga tena. Wiki zikaenda, ikaja "fu". Mkebe wa kachri na mama mwenye subira, hiyo ndo therapia. Dakika 45 za kliniki kwa wiki hazimtoshi mtoto yeyote, kazi kubwa iko nyumbani, na hata Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi ya namna hii, vikao tisa vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara tatu, na anaefundisha si lazima awe daktari bingwa.

"Kiswahili kinamchanganya, ongea nae Kizungu tu"

Hili laniudhi, manake wakati mwingine latoka kwa mwalimu au kwa mtaalamu mwenyewe. Nyumbani Kiswahili, shule Kizungu, madrasa Kiarabu, basi waambiwa ndo sababu haongei. Si kweli, lugha mbili hazileti usonji, na watoto wenye usonji wanaolelewa na lugha mbili hawako nyuma ya wenzao wa lugha moja. Ukimkataza Kiswahili unamkata na bibi yake, na watoto wa mtaani, na wewe mwenyewe ambae Kizungu chako ni cha ofisini, utamwimbia nini akilia usiku?

Halafu kuna wale ambao Kizungu kinawatoka kweli, tena cha Kimarekani, anahesabu mpaka 100, anajua rangi zote na sentensi nzimanzima za katuni, wageni wanasema mashallah ana akili, lakini maji hawezi kuomba. Ule ni mwangwi, anarudia alichosikia kwa simu. Si wa kudharauliwa, watoto wengi huanzia hapo wakafika kwenye maneno yao wenyewe, ila mwambie therapisti wazi, na uchague mtu anaeweza kufanya kazi kwa lugha ya nyumbani kwako.

"Ana vyeti ukutani, basi yuko sawa"

Vyeti vya semina ya wikendi navyo huwekewa fremu. Ulizia leseni. Washauri na wanasaikolojia wana sheria yao tangu 2014 na bodi yake, watu wa OT wana baraza lao kwa sheria ya 2017, na daktari waweza kumtafuta jina mtandaoni kwa KMPDC, lile baraza la madaktari, uone leseni ya mwaka huu anayo au hana. Muulize amefanya kazi na watoto wangapi wa aina hii, lengo la miezi mitatu ijayo ni lipi hasa, na je naweza kukaa ndani nikiona? Akikwambia mzazi abaki nje kila siku, ondoka. Akikuahidi atapona, ondoka. Akileta dawa za "kutoa sumu mwilini", oksijeni ya kwenye tangi, sijui seli shina (stem cells), ondoka na wazazi wenzako uwaambie.

"Daktari wa akili ni wa wendawazimu"

Hakuna dawa ya usonji, na daktari wa akili mzuri ndo wa kwanza kukwambia hivyo. Anazo dawa za mambo yanayouandama, kama risperidone kwa hasira kali na kujiumiza, na lazima mtoto afuatiliwe uzito na mengine, si za kununua tu duka la dawa kwa ushauri wa shoga yako.

Na wewe mama ambae hulali, ambae babake mtoto amesema kwao hakuna watu wa hivi, ule uzito wa kifua si udhaifu wa imani. Waweza kuingia kliniki ileile ya Port Reitz kwa ajili yako mwenyewe.

"Akikua yataisha"

Hayaishi, yanabadilika. Kuna watu wazima hapa mjini, wanawake hasa, wamejifunza kuiga wenzao mpaka hakuna alieshtuka, wanatibiwa hofu na msongo miaka na miaka na hakuna anaewauliza walikuwaje wakiwa wadogo. Mtu mzima akitaka kujua aende kwa mwanasaikolojia au daktari wa akili, na kama mamake au shangazi yake yuko hai aende nae, manake nusu ya maswali yatakuwa ya kabla hajatimiza miaka mitano, na hayo yeye hawezi kuyakumbuka.