Sahani ya Wali Haisimami Badala ya Hifadhi

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, mzee ninayemheshimu sana alinivuta kando akaniambia kuhusu wakimbizi wanaotufikia: “Wakili mwanangu, sisi tumewalisha na kuwavisha, mambo ya karatasi waachie serikali.” Maneno hayo nimekwisha kuyasikia misikitini Majengo na makanisani Likoni, hapa Mombasa, mara nyingi mno, na leo nayajibu kwa maandishi.

Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtaka anayetafuta hifadhi, yaani ulinzi wa kisheria kama mkimbizi, ajitokeze mbele ya ofisa ndani ya siku 30 tangu aingie nchini, awe ameingia kihalali au la. Asiye na viza, kwa hiyo, hajapoteza haki ya kuomba. Siku hizo 30 nyingi humkuta kwetu, akila futari yetu, na hakuna aliyemwambia kwamba zinahesabika.

Kuhusu kazi, naomba tusiendelee kuchanganya watu wawili. Kifungu cha 28 kinampa haki ya kuajiriwa au kufanya biashara mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa, naye bado huhitaji kibali cha kazi cha daraja M. Mwombaji hifadhi, ambaye ombi lake halijaamuliwa, hakupewa haki hiyo hapo. Ndiye huyu anayebeba mizigo sokoni, akidhulumiwa ujira anaogopa kushtaki. Anayetangaza mimbarini kwamba “wakimbizi wameruhusiwa kufanya kazi” anampeleka mtu huyo kukamatwa, na anawapunguzia wabunge sababu ya kuirekebisha sheria.

Wala hili si jambo geni kwa dini zetu. Aya ya 6 ya Surat At-Tawba inaamuru anayeomba ulinzi alindwe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Kumbukumbu la Torati 24:14 inakataza kumwonea kibarua maskini, awe ndugu au mgeni. Ulinzi na ujira vimetajwa waziwazi. Kwa nini sisi tuishie kwenye sahani?

Wazee wetu wanawakumbuka Wabarawa, watu wa mji wa pwani wa Barawa, waliokimbia vita vya Somalia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lugha yao, Chimiini, ni ndugu wa Kiswahili chetu, na tuliwapokea kama jamaa. Lakini kambi za Mombasa, Utange ikiwamo, zilipofungwa, undugu huo haukuwa hoja mbele ya ofisa yeyote.

Ninachoomba ni kidogo. Daftari la msaada linaloandikwa kila jioni misikitini na makanisani liwe na tarehe mtu aliyofika, kwa kuwa linaweza kumsaidia kuthibitisha kwamba hakuchelewa. Hata hapa nina wasiwasi ambao sijautatua: daftari hilohilo likiangukia mikononi mwa wanaomsaka, tutakuwa tumewaonyesha njia. Kwa sasa nawashauri maimamu na wachungaji walifungie kabatini, wasilipige picha, na ukurasa wa mtu usitolewe ila kwa idhini yake mwenyewe.