Nyota za kwanza: gesi ilivyolazimika kupoa kabla ya kuwaka

Nyota za kwanza ni zile zilizozaliwa kutokana na gesi iliyoachwa na Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, kabla haijapita ndani ya nyota yoyote. Kwa uzito, takriban robo tatu yake ilikuwa hidrojeni, karibu robo heli, na lithi kidogo mno. Kaboni, oksijeni na chuma havikuwapo.

Ulimwengu ulipotimiza miaka 380,000 hivi, ulikuwa umepoa kiasi cha elektroni kushikamana na viini na kufanya atomu. Likafuata giza la muda mrefu. Humo gizani maada giza, ambayo haitoi mwanga ila ina mvutano, ilijikusanya mabonge mabonge na kuivuta gesi. Bonge lenye uzito wa Jua mara milioni moja hivi lilitosha.

Uhondo wenyewe uko hapa. Gesi ikibanwa hupata joto, na joto hilo huisukuma itanuke tena. Haiwezi kusinyaa mpaka ipate pa kulitoa. Mawingu ya leo yana vumbi na kaboni, kwa hiyo hupoa hadi nyuzi 260 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Gesi ya kale ilitegemea molekuli za hidrojeni, nazo zilipatikana kwa taabu: elektroni iliyosalia huru hunata kwenye atomu ya hidrojeni, atomu ya pili huja kuungana nayo, kisha elektroni huachiwa ikaanze upya kwingine. Zikigongana na atomu, molekuli hizo hutoa joto kama mnururisho, yaani mwanga usioonekana kwa macho, na gesi ikapoa. Lakini iliishia nyuzi 70 hivi chini ya sifuri.

Kwa joto hilo, mvutano haukuweza kushinda bila gesi nyingi sana. Ndiyo maana hesabu za kompyuta huonyesha nyota kubwa, nyingi zenye uzito wa Jua mara makumi, hata mamia. Huenda zilianza kuwaka miaka milioni 100 hadi 200 baada ya Mlipuko Mkuu.

Ukubwa huo ulizifupishia nyota hizo umri: miaka milioni chache tu, ilhali Jua litadumu bilioni 10 hivi. Baadhi zililipuka na kutawanya kaboni na oksijeni za kwanza kabisa. Mwaka 2014 wanaastronomia nchini Australia walitangaza nyota SMSS J0313-6708, iliyomo katika galaksi yetu, ambayo mwanga wake haukuonyesha dalili ya chuma. Inaelekea ilizaliwa katika masalia ya mlipuko wa nyota moja kati ya hizo.