Je, wajua? Marufuku ya kuchimba madini Antaktika haiishi mwaka 2048

Husemwa mara nyingi kwamba mwaka 2048 Mkataba wa Antaktika utafika kikomo, kisha mataifa yaingie huko kugombania mafuta na madini. Si kweli. Mkataba huo, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, haukuwekewa siku ya mwisho. Ndio unaozuia kambi za kijeshi na milipuko ya nyuklia kusini mwa latitudo ya nyuzi 60, na unaoruhusu nchi kukaguana vituo. Madai ya ardhi ya nchi saba uliyaacha palepale, yakiwemo ya Uingereza, Argentina na Chile ambayo yanaingiliana.

Mwaka 2048 umetoka kwingine: Itifaki ya Madrid ya 1991, makubaliano ya kulinda mazingira yaliyoongezwa kwenye Mkataba huo, inayokataza shughuli zote za madini isipokuwa utafiti wa kisayansi. Ilianza kutumika Januari 1998. Ikitimiza miaka 50, nchi yoyote yenye kura katika maamuzi ya Mkataba inaweza kuomba mkutano wa kuipitia. Ni kuomba mkutano tu. Marufuku yenyewe inaendelea.

Tuseme mkutano umeitishwa na wapo wanaotaka kuchimba. Badiliko lazima lipitishwe na wengi, zikiwemo robo tatu ya nchi 26 zilizokuwa na kura mwaka 1991. Hapo bado halijaanza kutumika. Sharti liridhiwe na robo tatu ya nchi zenye kura, na safari hii zile 26 ziwemo zote. Ni kama ghala lenye makufuli 26, kila ufunguo na mwenyewe: mmoja akikataa kuja, ghala halifunguki. Tena marufuku haiondoki mpaka iwepo sheria nyingine ya lazima ya kusimamia uchimbaji.

Mwanya upo, na hauna budi kutajwa. Badiliko lililopitishwa likikaa miaka mitatu bila kuanza kutumika, nchi inaweza kutangaza kujitoa kwenye Itifaki, na miaka miwili baadaye ikawa nje.

Kwa maoni yangu, tishio lililo karibu zaidi liko baharini. Tume inayosimamia uvuvi huko huamua kwa kauli moja. Mwaka 2016 ilikubali hifadhi kubwa katika Bahari ya Ross, lakini mapendekezo ya hifadhi mpya yaliyofuata yamekwamishwa mara kwa mara na Urusi na China. Kwa hilo hakuna aliyehitaji kusubiri 2048.